Gari linatetemeka likiwa silensa: anza na hewa kabla ya kununua spea

Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Arusha ya kukunja mikono, mama mmoja mwalimu aliingiza gari lake gerejini kwetu, mtaa wa Unga Limited. Toyota Corolla ya enjini 1NZ-FE, kilomita 287,000 kwenye dashibodi. Akaliacha linaunguruma silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, akashuka. Kioo cha pembeni kilikuwa kinacheza kiasi kwamba huwezi kuona kilicho nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari limenimaliza. Nimebadilisha plagi, koili zote nne, mpaka pampu ya mafuta. Bado linatetemeka."

Iliniuma, maana hela ile yote ilitoka kabla mtu hajapima kitu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Gari kutetemeka si lazima liwe na misi, yaani silinda kukosa kuchoma. Likishapata moto, tazama mshale wa RPM, mizunguko ya enjini kwa dakika: enjini nyingi za namna hii hutulia kati ya 650 na 750. Mshale ukitulia kabisa lakini usukani unatetemeka ukiwa D umekanyaga breki, na ukirudisha N linatulia, shuku mauntini, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba enjini. Mpira wa mauntini hufa kwa umri tu, hata gari likitunzwa vipi. Mshale ukirukaruka, hapo enjini yenyewe haichomi sawasawa. Wa mama huyu ulikuwa unarukaruka.

Nikachomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Kodi zilikuwa mbili: P0300, yaani misi inayohama silinda hadi silinda, na P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi wa kwanza alishika ile ya misi, akaenda kwenye plagi na koili inayoipa umeme wa cheche. Simshangai, kwa sababu mara nyingi misi hutoka huko. Lakini koili ikifa, kwa kawaida inaangusha silinda yake tu, na kodi itakutajia namba: P0302 ni silinda ya pili. Hapo huna haja ya kununua chochote. Hamisha koili ya silinda 2 uiweke 3, futa kodi, washa. Misi ikihamia 3, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, hamisha plagi. Ukiwa hapo chungulia na visima vya plagi. Kwenye magari ya umri huu sili hukakamaa, oili ikaingia na kuharibu koili hata ikiwa mpya.

Misi inapohama huku kompyuta ikilalamikia hewa, mimi natafuta hewa ya wizi. Gari likiwa silensa, throto, mlango wa hewa, imefungwa karibu yote, na ndani ya manifoldi inayogawa hewa kwa silinda kuna mvuto mkali. Mpira ukipasuka popote baada ya sensa ya hewa, hewa inanyonywa hapo bila kuhesabiwa. Kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu ya hewa iliyopita kwenye sensa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, silinda zinachoma kwa kubahatisha. Kwenye mashine niliona kompyuta inaongeza mafuta asilimia 21 kujaribu kufidia. Nikapandisha mpaka mizunguko 2,500, ikashuka kuwa 4. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri: throto ikifunguka enjini inavuta hewa nyingi halali, na ile ya wizi inakuwa kidogo mbele yake. Kama ingepanda au kubaki juu, ningegeukia fyulufilta, presha ya mafuta au sensa yenyewe.

Kutafuta tundu, natumia maji kwenye chupa ya kupulizia, kidogokidogo kwenye viungo vya mipira, mbali na koili na waya. Wengi hupuliza petroli. Tafadhali usifanye hivyo. Manifoldi ya moshi ikiwa imechemka, moto utakuwakia usoni. Nilipofika kwenye mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya enjini kwenye manifoldi, mlio ukabadilika, mshale ukatulia sekunde mbili. Nikauchomoa, nikaupinda: upande wa chini ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha, mpira mgumu kama kipande cha plastiki.

Kabla ya kufunga mpya nilipima kompresheni pia, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kwa sababu ya kilomita zile nyingi. Hapa kuna jambo mafundi wa huku tulizingatie: Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ina presha pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Geji lazima isome chini ya kitabu. Usimwambie mtu ringi za pistoni zimekwisha kwa kusoma namba hiyo peke yake. Linganisha silinda kwa silinda. Zake nne zilikaribiana vizuri.

Mpira mpya, throto ikasafishwa masizi, kodi zikafutwa. Mshale ukasimama 700. Mama akaweka mkono juu ya boneti, akautuliza pale kwa muda, hakusema kitu.

Koili zake za zamani alikuwa nazo kwenye buti, ndani ya mfuko wa Rambo. Nikamwomba, nikazifunga moja baada ya nyingine na kuliacha gari liungurume. Zote nne zilikuwa nzima.