Fomu zisizorudi: kwa nini wanafunzi hukosa chanjo

Asilimia ya wanafunzi waliochanjwa ikiwa ndogo, wengi hukimbilia kuuliza wazazi wanaogopa nini. Mimi ninayeshughulikia chanjo za vijana shuleni huanza kwa kuuliza fomu ngapi za ridhaa hazikurudi. Mzazi aliyeandika "sikubali" ametoa jibu, na ana haki ya kusikilizwa. Fomu isiyorudi haijajibu chochote. Mara nyingi imelala ndani ya begi, au mwenye begi hakuwapo siku zilipogawiwa. Tukiihesabu kuwa ni kukataa, tutahangaika na uvumi mahali ambapo simu moja kwa mzazi ingetosha.

Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, inalionyesha jambo hili vizuri. Walengwa wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, ili kinga itangulie virusi. Tatizo ni kwamba mtoto mchanga ana ratiba ya kliniki, ilhali wa miaka 12 aliye mzima hana kinachompeleka huko. Basi chanjo humfuata shuleni. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2011, na wahudumu wa afya wa jamii wakawatafuta wasichana waliokuwa nje ya shule. Katika mwaka huo wa kwanza ilichanja zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu dozi moja badala ya mbili kwa wasichana, nafuu kubwa sana, kwa sababu dozi ya pili ndiyo iliyokuwa ikitupotezea wanaohama na watoro.

Uvumi nao una nguvu zake, hasa wenye mamlaka wanaponyamaza. Juni 2013 serikali ya Japani iliacha kuihimiza chanjo hii baada ya taarifa za madhara kusambaa. Iliendelea kutolewa bure, lakini uchanjaji ulishuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Himizo lilirejeshwa Aprili 2022. Kizazi kizima cha wasichana kilipitwa katikati hapo, na jambo hilo linaniuma.

Kuna pia hofu ya siku yenyewe. Mwaka 2014 huko El Carmen de Bolívar, Kolombia, wasichana wengi walizimia na kuugua, na video zao zikasambaa. Uchunguzi wa serikali haukuona kuwa chanjo ndiyo chanzo. Ulieleza hali hiyo kuwa itikio la pamoja la mfadhaiko. Lakini wale wasichana hawakuwa wakiigiza. Hofu huweza kushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hadi mtu azimie kweli, na anayeshuhudia mwenzake akianguka huwa karibu kumfuata. Kwa hiyo sipendi foleni ndefu inayotazama sindano. Aliye na hofu naomba aingie mapema, faraghani, achanjwe akiwa ameketi au amelala, kisha wote wapumzike dakika 15 kabla ya kurudi darasani.

Wanafunzi wenyewe huulizwa mara chache mno. Ukiwapa nafasi, wanauliza kama inauma, na kama itawazuia kuzaa. Wajibiwe waziwazi: mkono huuma siku moja au mbili, na chanjo haileti utasa. Saratani yenyewe na matibabu yake ndiyo huweza kumnyima mwanamke uzazi. Kijana aliyeelewa hivyo huifikisha fomu nyumbani na kumweleza mzazi wake kwa maneno yake mwenyewe.

Baada ya siku ya chanjo ninachokitaka kwanza ni daftari la mahudhurio. Majina ya waliokuwa hawapo yanakiliwa, tarehe ya kurudi inapangwa kabla timu haijaondoka, na mwalimu mmoja anakabidhiwa orodha ya wazazi wa kupigiwa simu.