Mada ya imeili ya biashara: achana na YAH, sema kilichomo ndani

Hapa chuoni kwenye kitengo chetu cha kuhudumia wajasiriamali, watu wanaokuja na shida ya imeili za matangazo wengi wana lalamiko moja, natuma natuma lakini hakuna anayefungua. Wanataka tuwaambie watumie programu gani, watume saa ngapi, waweke picha ngapi. Sisi kitu cha kwanza tunachoomba ni mada, yaani ule mstari mteja anaouona kabla hajafungua chochote, na mara nyingi sana tatizo tunalikuta hapohapo. Unakuta mtu kaandika YAH: TAARIFA KWA WATEJA WETU WOTE KUHUSU PUNGUZO LA BEI, herufi kubwa mwanzo mwisho.

Hii tumeitoa kwenye barua za ofisini na naelewa kabisa inatoka wapi, maana shuleni tumefundishwa hivyo na kazini tunaendelea hivyohivyo. Lakini barua ya ofisini inaingia masjala, kuna mtu analipwa mshahara aifungue, aisome na aiweke kwenye faili lake. Imeili yako ya biashara hakuna anayelipwa kuifungua. Mteja yuko kwenye daladala au anasubiri chakula, ana dole gumba moja kwenye kioo, anapitisha macho tu, na uamuzi wake anaufanya kwa jina la aliyetuma pamoja na maneno machache ya mwanzo basi.

Nasema maneno ya mwanzo kwa sababu kwenye simu mada inaonekana kama herufi 30 mpaka 40 hivi, inategemea na simu na programu yenyewe, zilizobaki zinakatwa. Kwenye kompyuta unapata kama 60 au zaidi kidogo, lakini kwetu huku wateja wengi wako kwenye simu. Sasa Kiswahili chetu kina maneno marefu alafu tuna adabu ya kuanza na utangulizi, tukiviweka pamoja hivyo viwili nafasi imeisha. Chukua hii, "Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wote kuwa", hesabu mwenyewe, ni herufi 43 pamoja na nafasi, na hapo hujasema kitu hata kimoja. Sasa linganisha na hii, "Sare za shule bei ya jumla hadi Jumamosi", hiyo ni herufi 40 na mzazi ameshajua bidhaa ni nini, bei ikoje na mwisho lini. Adabu haijapotea, salamu utaziweka ndani ya imeili ambako kuna nafasi ya kutosha.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kutanguliza kile kitu chenyewe. Kama unauza bima usiandike "Ujumbe muhimu kutoka kwetu", andika "Bima ya gari lako inaisha tarehe 14", hiyo hata mtu awe na haraka vipi atafungua kwa sababu inamhusu yeye na gari lake. Una nyumba ya wageni Zanzibar na Februari inakaribia, mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, usiandike "Karibuni sana Zanzibar kisiwa cha karafuu", andika "Sauti za Busara: vyumba 4 vimebaki", ila viwe vimebaki 4 kweli, hili nitalirudia hapo chini kwa sababu ndo linaniuma kuliko yote.

Jina la mtumaji nalo watu wanalisahau wakati liko ubavuni mwa mada kila mahali. Anuani inayoanza na noreply au info bila jina la biashara inamfanya mteja ajiulize huyu nani. Weka jina ambalo mteja analijua, na kama wanakujua wewe kwa sura, weka lako na la duka, mfano Mama Zuhura wa Vitenge. Ukishafanya hivyo huna haja ya kurudia jina la biashara kwenye mada, umeokoa herufi kibao.

Kuna mfano mmoja mkubwa napenda kuutumia darasani, kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012 kule Marekani. Walikuwa na orodha ya mamilioni ya watu na fedha nyingi walizochangisha mtandaoni zilitokana na imeili. Kabla ya kutuma kwa wote walikuwa wanajaribu mada mbalimbali kwa vikundi vidogo, wakati mwingine zinafika 18 kwa imeili moja. Mada iliyokuja kuwa maarufu ilisema kwamba mpinzani wake atamzidi kwa matumizi, maneno manne tu kwa Kiingereza, na iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6. Nyingine iliyofanya vizuri muda mrefu ilikuwa "Hey", basi, neno moja, kama anavyokuandikia rafiki yako. Na waliokuwa wanaendesha ile kazi walikuja kusema wazi kwamba hata wao wataalamu walikuwa wanakosea kubashiri ipi itashinda, na kwamba kila mbinu ilichoka baada ya muda wakalazimika kutafuta nyingine.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kuandika "Mambo" kwenye mada. Tafadhali usifanye hivyo. "Hey" ilifanya kazi kwa sababu pembeni yake kulikuwa na jina la rais wa nchi, ila duka ambalo mteja amenunua mara moja tu likituma "Mambo" anaona kama tapeli. Cha kuchukua pale ni sauti, waliandika kama mtu anayemwandikia mtu, hawakuandika kama bango la barabarani.

Nije kwenye uongo. Kuna mchezo wa kuweka "Re:" au "Fwd:" mwanzo wa mada ili mteja adhani mlikuwa mnaongea, kuna mchezo wa "Akaunti yako itafungwa" wakati ndani kuna tangazo la viatu, na kuna ule wa "MWISHO LEO" unaorudi kila Ijumaa. Vyote vinaongeza wanaofungua siku hiyo, sikatai, ndo maana watu wanavitumia. Lakini fikiria unavitumia kwa nani. Wateja wetu ni watu ambao wamepokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mpaka wamechoka, wamejifunza kwa maumivu kunusa utapeli, na siku ukiwadanganya kwenye mada hawatakulalamikia, wanabonyeza kitufe cha barua taka (spam) wanaendelea na maisha yao. Na hicho kitufe kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu Februari 2024 Gmail imewawekea masharti wanaotuma imeili 5,000 au zaidi kwa siku, wathibitishe anuani zao, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Wewe unayetuma 400 hujafika huko, lakini mashine inayopima sifa ya mtumaji inakuangalia hata wewe, na ikishakuchoka hata imeili ya risiti inaishia kwenye taka.

Sheria nayo imeingia. Marekani wana sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inayokataza mada inayopotosha kuhusu kilichomo ndani. Jimbo la Washington lina sheria yake kali zaidi, na Aprili 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilitoa uamuzi kwenye kesi ya wateja dhidi ya Old Navy, kampuni ya nguo, wateja hao walidai walitumiwa mada zinazosema ofa inaisha wakati ofa iliendelea. Mahakama haikuamua nani kadanganya, iliamua jinsi ya kuisoma sheria, kwamba inakataza taarifa yoyote ya uongo au ya kupotosha kwenye mada, na wakati huo fidia iliweza kuwa dola 500 kwa kila imeili moja. Kampuni zetu za utalii zenye wateja wa kule zilisome hili vizuri. Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukuzuia kutumia taarifa zake kwa matangazo, Kenya nao wana ya kwao ya 2019, kwahiyo zile orodha za imeili zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp achaneni nazo kabisa.

Sasa utajuaje mada yako imefanya kazi. Zamani tulikuwa tunaangalia wangapi wamefungua, lakini tangu Septemba 2021 Apple waliweka kinga ya faragha kwenye programu yao ya imeili ambayo inapakua picha zenyewe hata kama mtu hajafungua, na kufungua kunahesabiwa kwa picha kupakuliwa, kwahiyo hesabu inaonyesha kafungua kumbe hata hajaiona. Angalia waliobonyeza, waliojibu, waliopiga simu, walionunua. Na usijidanganye na majaribio madogo, ukituma mada A kwa watu 100 na mada B kwa 100 wengine, wakabonyeza 7 huku na 10 kule, hiyo inaweza kuwa bahati tu, Obama alikuwa na mamilioni wewe una mia mbili. Jaribu mada zinazotofautiana sana, moja yenye bei na nyingine isiyo na bei kwa mfano, rudia kwa miezi kadhaa uone kama moja inashinda kila mara.

Alafu kuna kale kamstari kanakofuata mada, maneno ya rangi hafifu. Usipokaandika programu inachukua sentensi ya kwanza ya imeili, na mara nyingi inakuwa "Kama huoni picha bonyeza hapa", nafasi imepotea bure. Kaandikie kitu kinachoendeleza mada, kama mada imesema sare bei ya jumla, kamstari kaseme "Saizi zote, tunaleta mpaka shuleni". Kabla hujatuma kwa wote jitumie mwenyewe kwanza, na utume kwa mtu mmoja asiyejua unachouza, ashike simu ya kawaida, na kabla hajafungua akuambie anadhani ndani kuna nini.