Mkanda Unaolia Kama Chiriku

Wengi wanaoniletea gari linalolia "chwi-chwi-chwi" kwenye boneti huwa wameshanunua mkanda mpya wa injini, ule unaozungusha alteneta (inayochaji betri) na pampu. Mmoja alikuja na wa tatu. Kila alipobadilisha, kelele ilinyamaza siku chache kisha ikarudi vilevile, na alichotaka kwangu ni nithibitishe tu kwamba kauziwa feki. Nikauangalia mkanda: mzuri kabisa, ila ukingo mmoja ulianza kutoa nyuzi, na kuzunguka pampu ya usukani palikuwa na vumbi jeusi la mpira. Kwa vumbi lile tu nilishaanza kuishuku puli, yaani gurudumu ambalo mkanda unapita juu yake.

Kuna milio miwili ambayo watu huichanganya. Wa chiriku ni mfupi-mfupi, wenye mapigo, na husikika vizuri gari likiwa limesimama injini ikinguruma taratibu. Ukikanyaga mafuta mapigo yanaharakisha, kisha mara nyingi yanamezwa na sauti ya injini. Ule mwingine ni mrefu, "kwiiiii", unaotoka ukiwasha asubuhi, ukikata usukani hadi mwisho au ukiwasha AC. Huo ni wa mkanda unaoteleza: umelegea, tenshona (kifaa kinachoukaza) imechoka, au umelowa oili. Anayeusikia wa kwanza akadhani ni wa pili hukimbilia kukaza, na mkanda uliokazwa kupita kiasi unakula beringi za alteneta na pampu ya maji. Hapo umejiongezea kazi.

Mimi naanza na chupa ya kunyunyizia maji. Injini ikiwaka, mikono na nguo vikiwa mbali na mkanda, napuliza maji kidogo upande wenye mifereji. Mlio ukitoweka sekunde chache kisha ukarudi, nashuku puli isiyokaa sawa na wenzake. Ukizidi papo hapo, mkanda unateleza. Usipobadilika hata kidogo, naacha mkanda naenda kwenye beringi.

Beringi haihitaji mashine. Zima injini, piga picha njia unayopita mkanda (utanishukuru wakati wa kuurudisha), uvue, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Nzima inazunguka kimya, haichezi ukiitikisa. Iliyochoka inakwaruza kama imetiwa mchanga, au inaserereka bure muda mrefu kwa sababu grisi imekwisha. Alteneta nyingine zina puli inayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili. Ikishika kote au ikiachia kote, imekufa, na nayo huleta chwi-chwi. Ukitaka uhakika zaidi, washa injini bila mkanda kwa sekunde 10 hivi. Usizidishe, maana kwenye magari mengi pampu ya maji nayo inakuwa imesimama. Kelele ikiendelea, haitoki kwenye mkanda, unatafuta mahali pasipo.

Kwa yule mteja maji yalinyamazisha mlio, ukarudi. Beringi zote zilikuwa salama. Nikachukua rula ya chuma na kupima kutoka kwenye mfereji wa puli hadi mfereji wa puli. Usipime kwenye mdomo wa puli, kwa sababu midomo hailingani unene na itakudanganya. Puli ya pampu ya usukani ilikuwa imejitokeza nje karibu milimita 2. Nikamuuliza kama pampu iliwahi kuguswa. "Ilibadilishwa," akasema, "kabla ya hizi kelele."

Milimita 2 inaonekana si kitu, lakini mkanda wa aina ya PK, ule wenye matuta kwa urefu (6PK una matuta 6), tuta hadi tuta ni milimita 3.56. Kwa hiyo mkanda ulikuwa unafika pale ukiwa nje kwa zaidi ya nusu ya tuta, unapanda ukingo wa mfereji, unadondoka ndani, unalia. Umbali nao una neno lake: puli zikiachana sentimita 10, milimita 2 inaupinda mkanda zaidi ya digrii 1, zikiachana sentimita 40, haifiki hata theluthi ya digrii. Ndiyo maana natafuta kosa kwanza pale puli zilipokaribiana.

Puli ile huingizwa kwenye shafti kwa kukandamizwa, na aliyeifunga aliishia njiani. Niliimalizia kwa kifaa cha kukandamizia. Nyundo hapana, nyundo inaua beringi na sili ya pampu kwa pigo moja.

Usisahau puli ya krenki, shafti kuu ya injini. Kwenye injini nyingi ni vyuma viwili vilivyoshikanishwa kwa mpira katikati, na mpira ukizeeka duara la nje linatembea. Itazame kwa ubavuni injini ikiwaka: ikiyumba, hainyooshwi, inabadilishwa.

Na mkanda wenyewe? Wa zamani ulikuwa unapasuka, unauona. Wa sasa wa EPDM, aina ya mpira sintetiki, unaisha kama tairi: matuta yanalika, mifereji inapanuka, ufa hakuna. Kwa hiyo "haujapasuka" si kipimo tena. Ukilowa oili au maji ya rejeta, ziba kwanza kunakovuja, safisha puli kwa brashi, ndipo ufunge mpya. Sabuni, mshumaa na dawa za kupulizia, achana nazo. Zinanyamazisha kwa siku mbili na kukusanya vumbi kwa miezi.

Yule mteja aliondoka na mkanda uleule wa tatu, kimya. Ile miwili ya kwanza alikuwa ameibeba kwenye buti kama ushahidi. Mmoja kingo zake zilikuwa bado nzima, nikamwambia auache humohumo kama spea.