Mahitaji yanayochochewa: kwa nini kupanua barabara hakumalizi foleni

Mahitaji yanayochochewa ni ongezeko la safari za magari linaloletwa na upanuzi wenyewe wa barabara. Njia zikiongezwa, magari hukimbia, muda wa safari hupungua, na safari ambazo watu walikuwa wameziacha kwa kuogopa foleni huanza kufanyika, hadi msongamano unaporudi karibu na pale ulipokuwa. Tayari mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kwamba katika barabara kuu za mijini, magari ya saa za kwenda na kutoka kazini huongezeka mpaka yaujaze uwezo wa barabara.

Kiini cha jambo hili ni kwamba hata barabara isiyotozwa ada ina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa muda. Wanaoiona kuwa kubwa mno hutafuta namna ya kuikwepa: mmoja huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mwingine hukatiza barabara za mitaani, mwingine huliacha gari na kupanda basi, na mwingine hukataa kuhamia nyumba iliyo mbali na kazi yake hata kama kodi yake ni nafuu. Watu hao hawamo kwenye foleni, kwa hiyo anayehesabu magari ili kukadiria njia ngapi zinahitajika hawaoni. Bei ikishuka, aliyekuwa akidamka hujiruhusu kulala hadi saa kumi na mbili, aliyekatiza mitaani hurudi barabara kuu, na aliyepanda basi huchukua funguo za gari. Mabadiliko hayo huanza kuonekana mapema. Yule wa nyumba ya mbali ndiye huchukua miaka, na ndiye mwenye uzito kuliko wote, kwa kuwa akishahama harudi kwa urahisi.

Barabara ya Thika jijini Nairobi inalionyesha hilo waziwazi. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 50 na njia nane katika sehemu yake pana zaidi. Kwa kuwa mji ulikuwa umesogezwa karibu, majengo ya ghorofa ya kupangisha yalizidi kuota Roysambu, Kahawa, Ruiru na Juja. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu wapatao 240,000. Ile ya mwaka 2019 iliukuta na takriban 490,000. Si haki kuitwisha barabara peke yake ongezeko hilo, maana bei ya ardhi ya katikati ya Nairobi ilikuwa imeshawasukuma watu pembezoni, lakini mpangaji anayekubali kuishi Juja na kufanya kazi mjini amepiga hesabu ya muda wa njiani, na hesabu hiyo ilibadilishwa na lami mpya. Kila familia ya namna hiyo ni safari mbili za ziada kila siku ya kazi. Isitoshe, barabara hiyo inapofika Pangani hugawanyika kuelekea Barabara ya Murang'a, Ngara na Museum Hill, na mitaa ya mjini inayoyapokea magari haikupanuka kwa kiasi hicho hicho. Gari lililopita Kasarani kwa kasi hufika mapema mahali pa kusubiri.

Huko Houston, Marekani, barabara kuu iitwayo Katy Freeway ilikamilishwa kupanuliwa mwaka 2008 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.8, na katika sehemu fulani ina njia 26 ukijumlisha zile za kandokando. Kati ya mwaka 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni katika barabara hiyo uliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Mtu anaweza kuuliza, na swali lake ni la msingi: je, si kwamba serikali hupanua barabara pale ambapo magari yangeongezeka hata hivyo? Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walilishughulikia swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Ili kutenganisha sababu na matokeo, walitumia ramani ambazo hazikuchorwa kwa kutazama foleni za leo, ukiwemo mpango wa barabara kuu za Marekani wa mwaka 1947 na mtandao wa reli wa mwaka 1898. Waligundua kwamba urefu wa njia katika eneo la mji ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali unaosafiriwa na magari nao huongezeka kwa karibu asilimia 10. Nafasi yote mpya humezwa.

Hii haina maana kwamba upanuzi hauna faida yoyote. Watu wengi zaidi husafiri, na aliyepata nyumba ya bei nafuu amepata kitu cha kweli. Kinachokosekana ni kile kinachoahidiwa kwenye sherehe za uzinduzi, yaani kumalizika kwa foleni, na naona ni makosa mazito kuwakopea wananchi mabilioni kwa ahadi hiyo. Njia iliyotengewa mabasi peke yake, kama ile ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni jijini Dar es Salaam iliyoanza kutumika mwaka 2016, huepuka mtego huu maadamu magari binafsi hayaruhusiwi kuijaza. Kinachotakiwa hapo ni mabasi ya kutosha na usimamizi mzuri.

Njia nyingine ni kutoza ada ya fedha saa za msongamano, kama Singapore ilivyofanya tangu mwaka 1975 na London tangu mwaka 2003. Stockholm ilifanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, na magari yaliyoingia na kutoka katikati ya jiji yalipungua kwa karibu moja ya tano bila njia hata moja kuongezwa. Ada ilipositishwa yaliongezeka tena, na iliporejeshwa Agosti 2007 yakapungua.