Manahodha wengi ndani ya chombo kimoja: BBC ilipojinadi kwa wimbo

Kazi yangu ni kutengeneza promo za redio, zile za nusu dakika za kukumbusha kwamba kipindi fulani ni saa mbili usiku. Kila bosi anaposema "tuwaite wasanii wote waimbe pamoja", mimi mwili hunisisimka. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na studio nayo ni bahari. Kijana anayejifunza kazi akiniuliza kama jambo hilo liliwahi kufanikiwa, namwekea "Perfect Day", promo ya televisheni ya BBC, ya mwaka 1997.

Wimbo ni wa Lou Reed, wa 1972. BBC ilimwita yeye mwenyewe, kisha Bono, David Bowie, Elton John, Burning Spear wa rege, Tammy Wynette wa kantri, Lesley Garrett wa opera, Boyzone na wengine wengi, kila mmoja kwa kifuta jasho cha pauni 250. Wengine walipata maneno matatu manne tu. Sauti moja inashuka, nyingine inapokea palepale, nawe unabaki kujiuliza: anayefuata nani? Hujakaa sawa, wimbo umeisha na maandishi yanakwambia kwamba muziki wa aina zote hizi unaupata BBC kwa sababu wewe unailipia. Hakuna aliyeimba hata neno moja kuhusu BBC. Chema chajiuza.

Na kulipia kwenyewe si hiari. Kule Uingereza anayetazama televisheni hutozwa ada ya leseni, wakati ule pauni 91.50 kwa mwaka, na anayekwepa hupelekwa mahakamani. Mtu unayemtoza namna hiyo, mara mojamoja humbembelezi?

Watazamaji walibembelezeka hasa. Waliutaka wimbo, na Novemba ukatolewa kuichangia Children in Need, harambee ya BBC ya kusaidia watoto. Ukashika namba moja Uingereza, ukauza nakala zaidi ya milioni moja na kuingiza zaidi ya pauni milioni 2. Promo, watu wanainunua dukani! Wapo pia waliocheka pembeni, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma wimbo huohuo ulisikika katika Trainspotting, filamu ya mateja, kijana akiwa amezidiwa na heroini. Mwenyewe Lou Reed alikana kwamba aliimba habari za unga.

Tarehe 7 Oktoba 2014 BBC ikarudi tena, safari hii na "God Only Knows" ya Beach Boys ya 1966. Wasanii 27 na okestra kubwa, ndani ya Alexandra Palace, London, jengo ambamo televisheni ya BBC ilianzia mwaka 1936. Alikuwamo Brian Wilson aliyeutunga, Stevie Wonder, Pharrell Williams, One Direction, Baaba Maal wa Senegal. Kylie Minogue akaelea ndani ya kiputo. Ikarushwa kwa wakati mmoja katika chaneli na redio zao. (Aprili mwaka huohuo ada ya leseni ilikuwa imeanza kuigharimia hata Idhaa ya Kiswahili, iliyotegemea fedha za Wizara ya Mambo ya Nje.) Wapo walioipenda. Wengine walisema madoido yameumeza wimbo, na wengi wakailinganisha na ile ya 1997. Kwenye chati iliishia namba 20.

Lawama zote zilielekezwa kwenye mapambo. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye uchaguzi wa wimbo. "Perfect Day" inataja vijambo vya siku moja: bustanini, kwa wanyama, sinema, nyumbani. Vijambo hivyo vinagawika. Mpe huyu bustani, yule mpe sinema. "God Only Knows" ni mtu mmoja anamwambia mpenzi wake kwamba bila yeye hajui angekuwaje. Carl Wilson wa Beach Boys aliuimba taratibu, kama mtu aliye peke yake chumbani. Ungamo kama hilo ukiligawa vinywa 27, hakuna tena anayeungama.

Siku hizi bosi akija na orodha ya wasanii, namwomba kwanza anionyeshe mashairi.