Pistoni ya breki iliyokwama haihitaji mafuta ya kulegeza kutu

Ushauri wa zamani husema pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) ikikwama, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu kisha uigonge nyundo. Mafuta hayo ni ya petroliamu, na raba za breki za magari mengi ni za EPDM, aina ya raba ya viwandani ambayo huvimba ikiyagusa. Pistoni italegea leo, kisha raba iliyovimba iibane tena.

Kwanza hakikisha kosa ni la pistoni. Gurudumu likiwa limebana, legeza nati ya kutolea hewa. Likiachia papo hapo, shinikizo limenaswa, na mara nyingi mshukiwa ni mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa) uliojifunga kwa ndani. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake nazo hukauka na kubana gurudumu.

Nguvu ya kuitoa pistoni iko kwenye pedali. Kompresa ya gereji hutoa shinikizo la takriban baa 8, pedali hupita 50 kwa urahisi. Kalipa ikiwa bado kwenye mpira wake, toa pedi, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, kanyaga taratibu. Upepo wa kompresa huifyatua ghafla, na vidole hupondeka. (Pistoni za kalipa za nyuma zenye handbreki ndani kwa kawaida huzungushwa.)

Kinachobana hasa ni kutu kwenye mfereji ulio nyuma ya sili (pete ya raba inayoizunguka pistoni): inaisukuma sili kwenye pistoni. Ikwangue kwa kijiti cha plastiki, maana bisibisi hukwaruza. Pakaa sili mpya mafuta safi ya breki. Pistoni yenye vishimo pale inapopita kwenye sili haiokolewi kwa msasa. Ibadilishe, kisha toa hewa kwenye breki.