Mtangamano wa kikanda ni nini, na unamgusaje dalali na mthamini?

Muulize dalali wa Sinza au Kijitonyama mtangamano wa Afrika Mashariki unamhusu nini, atakwambia hayo ni mambo ya viongozi na mikutano yao ya Arusha. Kumbe yanamhusu sana, na tangu Julai 2025 kazi yake imetajwa waziwazi katika mvutano uliozuka kati ya nchi mbili wanachama.

Mtangamano wa kikanda wa kiuchumi ni hali ya nchi jirani kukubaliana kuondoa, hatua kwa hatua, vizuizi vinavyotenganisha masoko yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijipangia ngazi nne. Ya kwanza ni Umoja wa Forodha, ulioanza 2005. Ya pili ni Soko la Pamoja, ambalo itifaki yake ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ya tatu ni Umoja wa Fedha: itifaki ilisainiwa 2013, ila sarafu yenyewe bado haijazaliwa. Ya mwisho ni shirikisho la kisiasa. Wanachama leo ni wanane, tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia 2022 na Somalia 2024.

Kwa watu wa mali isiyohamishika, yaani madalali, wathamini, wapima ardhi, wasimamizi wa majengo na wanaojenga nyumba za kuuza, ngazi yenye uzito ni Soko la Pamoja. Itifaki yake inaahidi kwamba bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji vitavuka mipaka kwa uhuru, na kwamba raia wa nchi moja ataweza kuishi na kufungua biashara katika nchi nyingine. Ukiisoma haraka utadhani Mganda anaweza kuja Kigamboni, akanunua kiwanja na kuandikiwa hati kama mwenyeji. Hawezi. Ibara ya 15 ya itifaki hiyohiyo imeacha suala la kupata na kutumia ardhi na majengo mikononi mwa sera na sheria za kila nchi.

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo huhesabiwa si raia. Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inampa mgeni upangaji wa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya Kenya pale tu inapomilikiwa yote na raia. Uganda nako mgeni hukodishwa, kikomo ni miaka 99. Na sisi wenyewe, hata kabla ya kuvuka Namanga, ardhi si jambo la Muungano: sheria ya Zanzibar ni yake na ya Bara ni yake. Kwa macho ya sheria hizi, Mkenya aliyeko Dar es Salaam ni mgeni kama alivyo Mjerumani, hata kama wote mnasema Kiswahili na mnakula ugali mmoja.

Dalali asiyejua hili anaweza kumtia mtu hasara ya maisha. Mteja anatoka Nairobi na akiba yake, anaambiwa "tutaandika jina la rafiki yako Mtanzania, mambo yatakwenda." Mambo hayaendi. Siku wakikosana, hati inasomeka jina la rafiki, na mteja hana cha kushika mahakamani zaidi ya karatasi iliyoandikwa ili kuikwepa sheria. Kwangu mimi, dalali anayetoa ushauri wa namna hiyo anauza hatari, na kamisheni yake ni ya dhambi.

Basi mtangamano umebadilisha nini, ikiwa ardhi haikuguswa? Umebadilisha wateja. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepitisha mzigo bandari ya Dar es Salaam anahitaji ghala, ofisi, na mahali pa kulala wiki tatu. Benki za Kenya zilizofungua matawi nchi jirani zinahitaji mtu wa kuthamini nyumba zinazowekwa rehani huko. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na karibu 1,150 kati ya hizo ziko Tanzania. Kila shamba na kila mti uliokuwa kwenye njia hiyo ulitakiwa kuthaminiwa ili mwenyewe alipwe fidia. Hiyo ni kazi ya mthamini iliyoletwa na nchi mbili kukubaliana.

Wateja hao huja na mazoea ya kwao. Mpangaji wa Nairobi amezoea kulipa kodi mwezi kwa mwezi na kuweka amana. Akifika Dar anakuta mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Anayeweza kuwaeleza pande zote mbili kwa utulivu, akaandika mkataba unaoeleweka, ndiye atakayepigiwa simu na mgeni wa pili. Siku hizi bei zitajwe kwa shilingi; kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo tangazo la apatimenti ya Masaki kwa dola halifai tena.

Gharama za ujenzi nazo hupita humohumo. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya una daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, zikiwemo za chuma, vigae na rangi. Mthamini anayekokotoa thamani kwa gharama ya kujenga upya lazima aufuatilie, la sivyo ripoti yake itakuwa ya bei za zamani.

Swali gumu ni kama mtaalamu mwenyewe anaweza kuvuka kama mteja wake. Itifaki inataka nchi zitambue vyeti vya taaluma kwa makubaliano. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitangulia kusaini ya kwao. Mthamini bado anafuata bodi ya nchi anakofanyia kazi: Tanzania kwa sheria ya 2016, Kenya kwa sheria yake na bodi yake. Kenya ina bodi hata ya mawakala wa nyumba; kwetu udalali umekua zaidi kwa simu na kujuana.

Kisha ikaja amri ya Julai 2025. Serikali ya Tanzania ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na uwakala na udalali wa mali isiyohamishika umo. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10, na Mtanzania anayemsaidia naye anaadhibiwa. Kenya ililalamika kuwa amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja. Naielewa hofu ya dalali wa mtaani anayeona riziki yake ikichukuliwa na mwenye mtaji mkubwa. Lakini naona pia kwamba mlango ukifungwa huku, wa kule hautabaki wazi kwa kijana wetu anayetaka kufungua ofisi Kampala.

Kwa sasa, kampuni ya Nairobi yenye mteja anayetaka ghala Dar es Salaam inatafuta Mtanzania mwenye leseni wa kushirikiana naye. Yeye ndiye atakayekagua hati na kuzungumza na mwenye mali, na mthamini aliyesajiliwa Tanzania ndiye atakayesaini ripoti. Mgawanyo wa kamisheni uandikwe mapema, kabla mteja hajaonyeshwa ghala la kwanza.